Magofu Yaliyopakwa Chokaa

Jumatatu, 1 Septemba

Habari mbaya kabla hata ya chai. Baraza la ardhi kule Rudewa linatafuta karani, na atatoka hapa Kilosa, masjala. Masjala tuko makarani wawili: mimi, Casmir, na Brayson.

Kazi yenyewe ni hii. Unakaa katikati ya wakulima na wafugaji wanaogombea shamba. Unaandika kila neno wanalotukanana. Kisha unaongozana nao porini kuonyeshwa mpaka. Porini! Wao na fimbo, mimi na kalamu.

Atakayeamua ni Bi Hildegarda, mkuu wetu kutoka Morogoro. Anafika Ijumaa kwa treni. Brayson ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba nikipelekwa Rudewa nitapanda juu ya kabati watu wakianza tu kusalimiana. Wote wamecheka. Mimi pia, ili nisionekane nimeumia.

Nimelitazama kabati. Halinibebi.

Jumanne, 2 Septemba

Nina mpango!

Bi Hildegarda anapenda historia. Pia anaumwa magoti. Haya nilimsikia akiyasema mwenyewe alipokuja mwaka jana. Basi nitamtembeza Jumamosi nzima, mgeni mmoja na kiongozi mmoja: asubuhi magofu ya kale Rudewa, alasiri maji moto ng'ambo ya mashamba ya miwa, Ruhembe. Ataona mimi ni mtu wa elimu na utulivu, mtu wa kuhifadhiwa mjini.

Brayson naye alikuwa amepanga kumpeleka Mikumi akaone tembo. Tembo! Mtu wa magoti mabovu, tembo akigeuka, utamwambia nini?

Nimempigia simu. Kwa woga nilibonyeza namba ya fundi viatu kwanza. Amekubali. (Bi Hildegarda, si fundi.) Anasema amechoka kuonyeshwa tembo kila anakokwenda. Brayson ameshika mlango wa masjala akausukuma kwa nguvu. Raha iliyoje.

Jumatano, 3 Septemba

Mtu mwangalifu hampeleki mgeni mahali ambapo hajatoa taarifa. Nimeomba ruhusa, nimekwenda Rudewa kwa gari la Abubakari, Noah yake ya kukodi.

Magofu ni mazuri kupita nilivyotarajia! Nyumba ya zamani ya shamba la mkonge, haina paa. Mkuyu umeota ndani ukapasua ukuta ukatokea upande wa pili. Kuvu, mizizi, popo, ukimya. Nilisimama pale nikajisikia msomi.

Anayepatunza ni Bi Paulina. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, na ukoo haukuondoka tena. Yeye huanika mahindi sebuleni kwa marehemu meneja wa shamba. Nikamwamkia. Nikamweleza kwamba Jumamosi namleta mama mmoja mkubwa, mgeni wa heshima, na kwamba maisha yangu yote yako mikononi mwake. Akauliza mgeni ni mnene au mwembamba. Nikasema wa wastani. Akashukuru sana. Alisema watu wa ofisini huwa wanaibuka tu kama nzige, mimi ndiye wa kwanza kubisha hodi.

Jambo moja la aibu. Njiani ng'ombe alikatiza, Abubakari akafunga breki, na mimi kwa hofu nikamwambia shikamoo. Tumemaliza kidato cha nne mwaka mmoja! Hakusita hata kidogo. Alisema marahaba, mwanangu. Tangu hapo hataki kurudi nyuma. Jioni alinituma maji ya kunywa, nikaenda.

Alhamisi, 4 Septemba

Ruhembe. Baada ya miwa kuna kijito baridi, na juu yake kidogo, kati ya mawe, chemchemi. Inafuka moshi kama sufuria ya ugali. Niliingiza kidole kwa ajili ya utafiti. Kidole kimefungwa kitambaa hadi sasa.

Anayeishi jirani ni Mzee Maduhu, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Shinyanga. Alisema maji yale hata ng'ombe hawayasogelei. Nikayapenda papo hapo.

Nikampa taarifa yake: mgeni, mama, magoti. Nikamwonyesha kidole. Nikamwomba mgeni wangu asiungue. Nikamwomba tena. Akauliza kwetu watu huombwa mara ngapi ndipo wasikie. Akawaita wanawe wakazungumza Kisukuma, wakacheka, wakaitazama miguu yangu. Sikuelewa kitu, ila mwishoni Mzee aliniambia nirudi kwa amani, mgeni wangu ni mgeni wao.

Nimerudi kwa amani. Kila kitu kimepangwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Amefika. Brayson aliwahi begi. Mimi nikawahi mwavuli. Mvua haijanyesha tangu Mei, lakini niliubeba kwa heshima hadi kwenye gari.

Jumamosi, 6 Septemba

Niandike taratibu.

Tuliondoka asubuhi. Nilikuwa nimekariri maelezo yangu yote: kuvu, mizizi, karne zilizopita. Tulipokaribia Rudewa nikamwomba Bi Hildegarda afumbe macho, ili ayaone magofu kwa ghafla. Akafumba. Mimi nikafumbua.

Yalikuwa meupe!

Kuta zote zimepakwa chokaa. Ufa umezibwa kwa udongo. Mkuyu umekatwa, na kisiki chake kimetandikwa kitambaa cha kufuma, juu yake ua la plastiki. Kwenye madirisha yasiyo na fremu, mapazia. Paa la mabati lilikuwa tayari upande mmoja. Na juu ya mlango, kwa rangi ya bluu, maneno KARIBU MGENI WETU WA WASTANI.

Bi Hildegarda alifumbua macho. Akauliza kama magofu yako nyuma ya nyumba hii.

Nikasema ndiyo. Tukazunguka nyuma. Nyuma palikuwa peupe zaidi.

Bi Paulina alitoka na khanga mpya na kina mama wa jumuiya. Vigelegele! Akanikumbatia mbele ya mkuu wangu, akaniita mwanangu mwenye adabu, akasema wamefanya kazi tangu Jumatano bila kupumzika kwa sababu nilisema maisha yangu yako mikononi mwake. Wenye mashamba walileta chokaa, wenye ng'ombe wakaleta samadi ya kusiriba sakafu. Pande hizo mbili hazijazungumza tangu masika. Tulikula wali na kuku. Nilitafuna kama mtu anayetafuna barua ya uhamisho.

Kuelekea Ruhembe tulipita njia ya Mikumi, na tembo alisimama kando ya barabara. Abubakari alipunguza mwendo. Niliendelea kueleza historia ya mkonge nikiwa chini ya kiti. Bi Hildegarda alisema huyu tembo ndiye kitu pekee cha kale alichoonyeshwa leo.

Nilibakiza tumaini moja. Maji moto. Maji hayapakwi chokaa.

Tulipofika Ruhembe hapakuwa na moshi. Mzee Maduhu alikuwa amesimama wima na wanawe, wote wana matope hadi kiunoni. Walikuwa wamechimba mfereji kutoka kwenye kijito na kuyaleta maji baridi yote ndani ya chemchemi. Mzee alisema kwa fahari kwamba sasa hata mtoto mchanga ataoga.

Ng'ombe nao walikuwa wamesikia. Walijaa humo ndani hadi shingoni, wametulia, wanacheua. Mmoja alinitazama. Nikamwamkia.

Wavulana wakawasogeza ng'ombe. Bi Hildegarda akavua viatu, akatia miguu, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Uso wake sikuweza kuusoma. Mara moja tu alimuuliza Abubakari kama mimi huwaamkia watu wote namna hii. Abubakari akajibu kwamba hata yeye huwa namwamkia, naye huitikia, kijana ana malezi.

Nimekwisha.

Jumapili, 7 Septemba

Stesheni. Brayson alibeba begi tena huku akipiga mluzi. Habari za ng'ombe zimeshamfikia.

Bi Hildegarda aliniita pembeni. Nikafungua mwavuli bila sababu. Alisema miaka yote amewapeleka Rudewa makarani wakali, na hakuna aliyefaulu hata kuwaweka watu kwenye benchi moja. Mimi nimetamka neno mara moja, wakulima na wafugaji wamepaka nyumba pamoja. Nikaenda kwingine, mfugaji amegeuza mto. Alisema mtu wa namna hiyo hawezi kufichwa masjala.

Nilijaribu kumweleza kwamba ilikuwa woga. Alisema unyenyekevu wangu unazidi kumthibitishia.

Naanza kazi wiki ijayo. Brayson amenipa mkono wa pole, akasema atanitunzia kabati.

Jumatatu, 22 Septemba

Rudewa. Ofisi ina meza, benchi na dirisha, na dirisha ndilo njia yangu ya kutokea nikihitaji. Watu si wabaya. Wananigombania kwa chakula. Lakini kesho tunakwenda kuonyeshwa mpaka, na wote wameahidi kuja na fimbo, eti kwa ajili ya nyoka. Nyoka!

Lazima nirudi mjini. Nina mpango.

Ng'ambo ya nyumba ya Bi Paulina kuna ghala la zamani la mkonge. Gofu halisi, halijaguswa: mizizi, popo, kila kitu. Nimemwalika mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dodoma aje alitazame kwa siku moja, peke yake, nikimwongoza. Akilipenda, atahitaji karani wa kuandika habari zake, mahali penye utulivu, mbali na mipaka.

Nimetafakari sana kosa la mara ile. Nimeliona. Taarifa niliitoa kwa kuchelewa, watu wakafanya mambo kwa haraka. Safari hii mgeni yuko mbali bado, na jioni hii nimekwishamweleza Bi Paulina kila kitu: kwamba ni msomi mkubwa, kwamba maisha yangu yako mikononi mwake, na kwamba ghala libaki kama lilivyo.

Alielewa vizuri sana. Aliuliza jambo moja tu, mgeni anapenda rangi gani.

Nikafikiri kwa makini, maana jambo dogo kama hili linaweza kuharibu mpango mzima. Nimemwambia kijani.