Umri wa Jiwe la Msingi

Jumatatu, 4 Agosti
Kamati imeamua. Mwenyekiti wa jubilii atatoka kanisa lililo kongwe zaidi hapa Migwani: letu la juu ya soko, au la Mutie huko chini. Rekodi zote zililiwa na mchwa. Mutie anaapa lao lilitangulia. Mutie! Aliyeninyang'anya kamati ya maji kwa kugawa soda! Kiti hiki ni changu. Nasikia mjini Mwingi kuna daktari wa mawe, anasoma umri wa jiwe lenyewe. Jiwe halidanganyi. Nimetoa kipande kwenye msingi wetu kwa tindo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kimelia. Mke wangu Kalekye ameuliza kama sasa nabomoa nyumba ya Mungu. Hana maono huyu mama.

Jumatano, 6 Agosti
Daktari Yvonne ni msichana wa juzi, lakini kichwa! Anasema ndani ya jiwe kuna punje zenye urani, na urani hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima iliyobaki na iliyogeuka, unajua jiwe lilipikwa lini huko chini ya ardhi. Wenzake husoma umri hata kwa meno. Mawe ya kwetu yalishapimwa: kama miaka milioni mia sita. MILIONI MIA SITA! Akaanza kusema, lakini mzee, huo ni umri wa jiwe, si wa... Sikungoja.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetangaza umri huo mbele ya kamati. Mutie akauliza pasta wa wakati huo alikuwa nani. Wakacheka, wajinga! Kisha akampigia Yvonne simu mbele ya wote. Mawe yao yalitoka mlima uleule. Umri sawa! Yvonne akaongeza kwamba jiwe likipata moto mkali sana, saa yake huweza kuanza upya. Mutie akapiga miayo. Mimi nikatega masikio. Nikajitolea kupeleka vipande vyote viwili Mwingi, kumaliza maneno. Wamenikabidhi!

Jumamosi, 9 Agosti
Kipande cha Mutie, kidogo kama haragwe, kiko ndani ya sufuria ya muthokoi ya Kalekye. Mahindi hayo huchemka kutwa nzima. Kikitoka humo kitakuwa kitoto kichanga. Tayari natembea kama mwenyekiti.

Jioni. Aiii! Pasta Nzioka, mkuu wa kamati, alipita kusalimia. Kalekye akampakulia. Mimi nilikuwa chooni! Nikasikia kra! Jino la pasta la mbele, nusu nzima. Nikasema muthokoi wa siku hizi hauchambuliwi vizuri. Hakuna aliyeamini.

Jumapili, 10 Agosti
Mwenyekiti ni Mutie. Pasta ametangaza kwa kithembe. Mimi nitapanga viti. Imeniuma, sifichi.

Lakini nusu ya jino ninayo, niliiokota chini ya meza. Pasta husema ana miaka hamsini na minane, na kwetu pasta hustaafu akifika sitini. Ngoja tuone kama ni kweli. Pasta mpya, mwenyekiti mpya. Kesho alfajiri niko Mwingi.

Jino halidanganyi.