Malalamiko Kuhusu Ua Lisilotaka Kutunzwa

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakuzaji wa Okidi za Nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu unastahili. Mimi ni bibi wa yule muuguzi aliyenunua chungu kimoja cha okidi kwenye maonyesho yenu mwaka jana, akapewa na kijitabu chako juu yake. Shule sikwenda. Ninayoyasema anayaandika jirani yangu, fundi cherehani, naye nimemwonya kwamba akilainisha neno hata moja nitalijua kwa anavyokohoa. Kijitabu mjukuu wangu alinisomea chote, na sehemu nyingine nilimwomba arudie, maana sikuamini kuwa mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuandika vile.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Picha ya juu ya kijitabu. Ua limechorwa kama kiatu cha mtoto, la njano, zuri, tumbo limejaa. Ukifungua ndani unaambiwa kiatu chenyewe huenda kikachukua miaka mitatu au minne kutokea. Mimi katika miaka minne nilizaa watoto watatu, na kila mmoja alitoka na miguu miwili.

2. Kulala. Majani yalipogeuka manjano yakaanguka, mjukuu wangu alifungua kijitabu akasema ua halijafa, limelala, na litalala msimu wote wa baridi. Ndugu Mwenyekiti, nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini. Aliyelala namjua na aliyekufa namjua. Huyu wenu hakuwa na jani wala shina, alikuwa udongo ndani ya chungu. Tukawa tunapita kando yake kwa kunyata, watu wazima wawili, tusiuamshe udongo.

3. Chakula. Unasema lisipewe samadi. Lipandwe kwenye kokoto, mchanga na majani yaliyooza, na maji yawe ya mvua, tena kidogo. Halafu unasema mbegu zake haziwezi kuota mpaka zikutane na ukungu ardhini. Ukungu. Maisha yangu yote nasugua ukungu kwenye ukuta wa bafu, kumbe nilikuwa naua maua ya watu. Mwanamke akilea mtoto kwa kokoto, matone ya maji na ukungu, majirani watamwitia polisi. Wewe wamekuchagua mwenyekiti.

4. Baridi. Ukurasa wa tisa unasema okidi hii ni stahimilivu, chungu kiachwe nje, kisiingizwe ndani, kwa kuwa bila kupigwa na baridi ua halichanui. Nilisikiliza. Mjukuu wangu alipokwenda kazini nikaliingiza. Nililiweka karibu na jiko, nikalizungushia shali yangu ya sufi, nikalipa samadi ya kuku, na maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Sioni haya kulisema hilo. Wiki ya pili likaanza kunuka. Nikaongeza samadi.

5. Hili nalieleza ili ujue unazungumza na nani. Huyo muuguzi alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mzito kama mkate mmoja. Daktari aliniambia nisijipe matumaini. Mama yake, binti yangu, alikuwa hoi kitandani. Nilimchukua nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikamfunga kwa shuka, nikakaa naye hivyo siku arobaini na mbili, nakula nimesimama, nalala nimekaa. Hakuna aliyeniambia nimwache nje kwanza apate kuzoea. Leo ana mabega kama mlango. Elimu yangu ni hiyo, na hakuna kijitabu kilichonipa.

6. Ukurasa wa kumi na moja. Huu ndio ulionifanya nimwite fundi aache cherehani yake aje na kalamu. Miezi miwili iliyopita mjukuu wangu alirudi na barua ya uhamisho. Aliuomba mwenyewe, bila kuniambia. Anakwenda zahanati ya mji wa juu mlimani, kule maji yanakoganda kwenye ndoo asubuhi, ambako hana ndugu wala mtu wa kumfungulia mlango. Nikamwambia haendi. Nikamuuliza atapikiwa na nani, atafunikwa na nani, akiugua yeye nani atajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa wake, kisha akakitazama kile chungu kinachonuka kando ya jiko, akasema taratibu:

"Bibi, okidi nyingi zaidi hufa kwa kutunzwa kuliko kwa kuachwa."

Hayo si maneno yake. Ni yako, yako pale katikati ya ukurasa, umeyakoleza wino.

Nilibeba chungu mpaka uani, nikakimwaga chote kwenye rundo la kokoto ambalo fundi mwashi aliliacha nyuma ya tangi la maji alipomaliza bafu letu. Nikarudi na chungu kitupu, nikakiweka mezani akione. Tangu siku hiyo hatujazungumza vizuri. Ananiaga, namwitikia. Ananiwekea chai, nainywa ikishapoa, asije akafikiri nimesamehe. Miezi miwili nakunywa chai ya baridi kwa ajili yako, Mwenyekiti.

Naye anaondoka Jumatatu.

Sasa ombi langu. Mjukuu wangu haamini mdomo, anaamini karatasi, na wewe ni mtu wa karatasi. Nataka uniandikie, kwa jina la chama na kwa muhuri wake, kwamba kijitabu kilikosea. Useme kwamba kitu chochote chenye uhai kikiachwa kwenye baridi bila mtu wa kukishika hufa, na kwamba wewe mwenyewe umeliona hilo kwa macho yako. Uongeze mstari mmoja kwamba habari hii inawahusu pia wauguzi. Sababu usiniwekee, sababu zako nimeshazisikia. Karatasi ifike kabla ya Jumatatu.

Kama unaona ombi hili ni kubwa, jaribu kwanza mafundisho yako. Lala nje wiki moja kwenye baridi, usile, wakumwagie maji ya mvua kidogo, kisha unieleze umechanua wapi. Fundi anasema hapo nimezidisha. Ameambiwa aandike.

Na usiponijibu, nitakuja mwenyewe kwenye mkutano wenu. Nitakaa mstari wa mbele na chungu changu kitupu mapajani, na kila utakapotamka neno "stahimilivu" nitanyoosha mkono niulize swali. Ninayo mengi, na nikishakaa siondoki.

Nisalimie mkeo. Kama una watoto, nao wasalimie, popote ulipowaacha. Wanachama wote wape salamu zangu, isipokuwa yule mama mwenye miwani aliyetuuzia chungu huku akicheka, akisema ua hili ni gumu, halifi. Yeye msalimie peke yake, asichanganywe na wenzake.

Ni mimi niliyeumizwa na ukurasa wa kumi na moja,

Bibi wa muuguzi
(dole gumba langu hilo hapo chini, nimelikandamiza makusudi)

Nyongeza: Fundi alipokuwa anatafuta bahasha, nilitoka uani kuanua nguo. Kwenye rundo la kokoto nyuma ya tangi zimetokeza pua tatu za mmea. Ni za kijani, zimechongoka, kila moja kama ncha ya kidole cha mtoto. Nilidhani ni magugu, nikainama niyang'oe. Nikasogeza kokoto moja na nyingine, nikauona mzizi ule ule nilioumwaga kwa hasira. Baridi yote imempiga huyo. Hakuna aliyemfunika, hakuna aliyempa hata tone. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikamwita mjukuu wangu aje aone. Alikuja, akatazama, na angesema neno lolote ningemzaba kofi. Alinishika mkono tu. Tulipoingia ndani aliniwekea chai, nikainywa ya moto.

Basi ile karatasi usiiandike. Niandikie badala yake, na upesi, kama mzizi unaweza kugawanywa pua zikiwa zimeshatoka, na kipande kifungwe na nini ili kisafiri siku nzima kwenye basi bila kuumia. Pua moja ni yake, mbili nabaki nazo. Hiyo yake ataiweka nje dirishani, kwenye baridi, kama unavyotaka wewe. Yeye mwenyewe nimemtilia masweta mawili na ile shali ya sufi kwenye sanduku, kwa sababu yeye si ua.