Shikamoo Zangu Alizoondoka Nazo Mheshimiwa Shembilu

Gare, Lushoto.

Ndugu Katibu wa Kamati ya Mapokezi,

Nakusalimu kwa heshima, na heshima ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Gari la matangazo limetuamuru Jumamosi tujipange barabarani, toka Mombo mpaka Lushoto mjini, tumlaki Mheshimiwa Mika Shembilu. Cheo chake cha kitaifa kimerefuka mpaka kitambaa cha kumkaribisha kinaanzia sokoni na kuishia stendi. Sina ugomvi na cheo. Nadai shikamoo zangu. Tumekulia kitongoji kimoja, na Gare nzima inajua mimi ni kaka yake kwa miezi minne.

1. Alipokuwa diwani alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo kaka Eliya." Nikaitikia marahaba, nikampigia kampeni ya ubunge. Hapo ndipo nilipokosea.

2. Alipokuwa mbunge aliitoa dirishani, kioo kimeshushwa vidole viwili. Niliipokea kama nusu.

3. Alipokuwa waziri alimtuma msaidizi wake aniamkie kwa niaba yake. Msaidizi ana miaka ishirini na sita! Shikamoo ile ilikuwa yake mwenyewe. Angenipa hata asingekuwa na ajira.

4. Ziara iliyopita alipita na ving'ora, hata "onga mshi" ya Kishambaa hakunitupia. Mimi nilishaitikia marahaba, kwa sauti, mbele ya watu. Marahaba hiyo iko hewani hadi leo, na Anord wa duka la mbolea huniuliza kila asubuhi kama imeshapata mwenyewe.

Nimesoma Katiba mara mbili. Hakuna kifungu kinachomsamehe mtu shikamoo kwa sababu amepanda cheo. Mdogo asipomwamkia mkubwa, tutamjuaje mkubwa? Itabidi tupime urefu wa misafara, na mimi nina baiskeli moja, tena haina kengele.

Kwa hiyo naomba kwaya ipunguziwe beti, na Mheshimiwa apewe dakika kumi na tano kwenye kipaza sauti atoe shikamoo za miaka kumi na minane tangu awe mbunge, moja moja. Nitaitikia zote. Koo langu liko tayari.

Wasalimie wanakamati wote, ukianza na wakubwa.

Ni mimi, kaka yake Mheshimiwa,
Eliya Shemzigwa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimtuma mke wangu, Efrazia, parokiani akaniletee ushahidi wa kitabu cha ubatizo. Amerudi akicheka toka njiani. Mika amezaliwa Machi; mimi Julai, mwaka uleule. "Haya baba, Jumamosi kamwamkie kaka yako," ananiambia. Naomba basi ratiba ibaki ilivyo, msafara usisimame popote, na ving'ora viongezwe. Marahaba zote nilizomwitikia nazirudisha kupitia ofisi yako. Akiniulizia, mwambie nimehama mkoa.