Tableti Kumi na Mbili za Darasa la Nne

Siku sanduku la tableti kumi na mbili lilipoingia darasa la nne kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka 2016, kila mtu aliona elimu. Zihindula, tapeli wa kambini, aliona duka lake mwenyewe Lilongwe, lenye kibao mlangoni na kiti cha kuzunguka. Aliazima tai, akajitunuku udaktari, akamwendea mwalimu Pascaline.

"Madame, mi njo Docteur Zihindula. Nimetumwa nipeleke hizi mashini Lilongwe, tuziongezee masomo."

"Usikawie, Docteur. Batoto banasomaka nusu saa na mimi, nusu saa na tableti."

"Mi sikawiake, Madame."

Lilongwe, fundi simu Manirakiza alikuwa na mnunuzi tayari: mwenye shule binafsi aliyetaka tableti pamoja na masomo yake, kwa bei ya kutupa. Manirakiza akawasha ya kwanza. Kioo kikauliza: "Kuku ya Fabien anaitwaka nani?"

"Docteur, anaitwaka nani?"

"Jaribu Kuku."

Ikakataa. Ya pili ilitaka kujua nani alisinzia kwenye hesabu. Ya tatu, Annuarite alimpaka simba rangi gani. Pascaline aliwaachia wanafunzi wabuni wenyewe maswali ya kufungulia, na kwa bahati mbaya walikuwa na kipaji.

"Futa yote," alisema Zihindula.

"Nikifuta, masomo nayo inaenda. Nani atanunua vioo bitupu? Rudi kwa batoto, kaka."

Zihindula alirudi darasani na maswali kumi na mawili kwenye karatasi. Fortunée, mwenye miaka tisa, aliisoma, akamrudishia.

"Jibu hatulisemake kwa mdomo, Docteur. Tunaliandikaka. Leta tableti."

Daktari akafunga safari nyingine, akazileta zote. Watoto walizifungua kabla hajakaa.

"Merci, bana bangu. Sasa tuzirudishe ndani ya mfuko."

"Bado," alisema Fortunée bila kuinua kichwa. "Hii ni nusu saa yetu."

Zihindula alisubiri kwenye dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu. Nusu saa ilipokwisha, Pascaline alipita akizikusanya, akaziweka kabatini, akageuza ufunguo.

"Tumebadilisha maswali yote, Madame," alisema Fortunée. "Tumeweka moja tu, ya pamoja."

"Gani?" aliuliza Zihindula, kalamu mkononi.

"Docteur Zihindula ni docteur ya nini?"

Darasa zima likamgeukia. Zihindula aliinamia karatasi yake, akaliandika swali hilo chini ya yale kumi na mawili. Kati ya wote waliokuwemo, yeye ndiye aliyelihitaji jibu zaidi.