Galaksi Isiyo na Jirani

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nafasi ni moja. Mwanafunzi mmoja wa idara yetu atapelekwa Chile kutazama nyota kwa darubini kubwa. Dkt. Mwololo ataamua Ijumaa, akishatusikiliza. Tumebaki wawili: mimi, Zedekiah, na Nthenya Kitheka. Mama ameshatangaza kanisani kule Butere kwamba ni mimi. Sikumtuma. Sawa, nilimtuma.

Swali lenyewe: galaksi hafifu zina gesi tele, ila imetandazika nyepesi kama uji wa mwisho wa mwezi. Haishikani, nyota hazizaliwi. Mara mojamoja sehemu fulani huwaka. Nini huiamsha? Nthenya anasema ni jirani: galaksi ndogo ikipita karibu, mvuto wake huivuruga gesi, inajikusanya, nyota zinazaliwa. Upuuzi. Galaksi hujiwasha yenyewe. Mwanaume hujitegemea.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata ushahidi! Galaksi hafifu kabisa, na ukingoni nyota changa za buluu. Tatizo ni kidoa upande wa kulia. Nthenya amepita na chai yake, akauliza, "Zedi, na hiyo kitu iko hapo side ni nini?" Nimemwambia ni uchafu wa kioo cha kompyuta. Amekipangusa kwa leso. Hakikutoka.

Jioni, nyumbani Kabiria, nimeikata picha. Hata ya mahafali nilimkata binamu yangu Jackton, na hakuna aliyelalamika ila Jackton.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema "peke yake" mara tisa. Dkt. Mwololo akauliza mbona galaksi imebanwa pembeni mwa picha kama mtu anayetoka mlangoni. Akaitafuta picha nzima mwenyewe, akaimulika ukutani. Jirani huyo hapo, na mkia wa gesi umewaunganisha. Akasema hajaona ushahidi safi namna hiyo. Wa hoja ya Nthenya.

Nafasi amepewa Nthenya. Galaksi yangu pia. Niliumia, nikajifungia chooni ghorofa ya pili.

Nthenya alinisubiri nje. Akasema ni mimi niliyeipata, kwa hivyo tuandike pamoja. Tukimaliza kabla ya Juni, Daktari ataniombea nafasi ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemkatalia. Siwezi kubebwa.

Mama amepiga simu. Kesho kanisa linaniombea safari njema. Nimemwambia waombe kwa sauti.

Kisha nimerudi kazini. Nimepata galaksi nyingine, bora kuliko ile. Haina jirani hata mmoja. Alikuwepo, lakini nimeshamkata.