Kurasa Kumi na Sita za Bi Klara

Ndugu zangu wa baraza mliohamia Malindi,

Leo nimeadhirika. Nawaandikia jua halijatua, kabla hamjaletewa habari na mtu wa basi akaitia chumvi. Chumvi iliyomo yatosha.

Mwanijua. Nilianza kwa kubeba magunia Kilindini, leo nna malori manne, na la tano liko njiani (karibu). Shule niliiaga darasa la pili, nayo haijanitafuta. Basi juzijuzi nikajiunga na chama cha wasomaji, huku Mji wa Kale, darini kwa Mwalimu Athmani. Wamo walimu, wamo makarani wa bandari na wa reli, watu wa tai. Kitabu chao ni riwaya ya mapenzi ya Kiingereza, ya zamani, enzi za magari ya farasi. Nene! Ukiitia chini ya gurudumu, lori haliendi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumchagua mwenyekiti. Sharti moja tu: awe amekimaliza kitabu. Uenyekiti niliutaka, sifichi. Muhuri wa mpira nilishauchongesha, wa duara, MWENYEKITI. Na sahani ya halwa nikaitanguliza (mtu hujiandaa).

Tatizo, Kiingereza changu ni cha gatini: simama, sogea, tia sahihi. Nikatumia akili. Khitma twaisoma vipi? Juzuu zagawanywa, kila mtu na yake, na msahafu mzima umekhitimiwa kabla pilau haijapakuliwa. Nikajiuliza: na hiki cha mapenzi kitashindikana vipi? Nikachukua wembe, nikakikata vipande vitatu. Cha kwanza nikampa Onyango, karani wangu. Cha pili Matano, dereva, ambaye Kiingereza alikipata vitani. Cha tatu binti yangu Zuhura, yuko sekondari. (Mimi nikabaki na jalada. Lilikuwa zuri.)

Onyango akaja wa kwanza. "Mzee, kuna msichana, Klara, babake ni padri maskini. Na kuna Henri, ana mashamba na maringo. Wanapendana lakini hawasemi."

"Kurasa zote hizo hawasemi?"

"Hawasemi, mzee."

Matano akaja macho mekundu. "Henri kafa, tajiri. Meli imezama. Klara kavaa nguo nyeusi." Siku ile sikumtuma Changamwe. Angeangusha lori.

Mwisho Zuhura. "Baba, hapa mwanzo ndipo penyewe, yaani yule..."

"Fupisha, mwanangu, nna kazi."

"Haya. Klara aolewa na Henri."

"Hongera yake," nikasema, nikatoka.

Njiani ndipo nikakumbuka kuwa Henri nimeshamzika. Lakini mimi ni mtu wa kushindwa na kitabu? Hadithi nikaitengeneza mwenyewe. Vipande nikavipeleka kwa fundi anayejalidi misahafu, akavishona vizuri sana, ila kwa mazoea akakishonea kulia. Kitabu cha Kiingereza chafunguka kama msahafu. Nikaona ndiyo kimependeza.

Leo baada ya alasiri nikapanda kwa Mwalimu, kanzu imepigwa pasi hadi yasimama peke yake.

"Bwana Shee, kitabu umekimaliza?" Mwalimu akaniuliza.

"Chote. Mara mbili." (Hiyo mara mbili ilinitoka tu.)

"Mashallah. Hebu tupe maoni yako."

Nikasimama. "Mimi nimempenda huyu Bi Klara kwa adabu yake. Henri alipokufa, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hakujipamba, hakutoka. Eda ilipokwisha ndipo ndugu wa marehemu akaja kumposa, kwa heshima."

Wakatazamana. Nikadhani nimewagusa.

Mwalimu akavua miwani. "Eda ya nini, Bwana Shee, nao hawakuwa wameoana?"

"Ndiyo nasema ni mwanamke wa adabu!"

"Na huyo ndugu, jina lake nani?"

"Henri."

"Ndugu wawili, jina moja?"

"Yule mkubwa. Huyu mdogo."

Karani mmoja wa reli akaanza kukohoa ndani ya leso. Mwalimu ni mtu muungwana, akataka kuniokoa. "Labda chapa yako ni nyingine. Tusomee tu pale Henri abishapo mlango usiku wa mvua. Hapo sote tulilia."

"Mlango gani?"

Nikakifungua. Kutoka kulia, mbele ya watu wote. Mwalimu akasogea, akafunua, akafunua. Ukurasa wa mia na themanini. Wa pili yake, mia na tisini na saba! Katikati, uzi mpya na gundi.

"Bwana Shee, kitabu hiki kimepatwa na nini?"

Nikasema kweli yote, wembe na juzuu. Yule karani wa reli hakuweza hata kukohoa. Alilala juu ya meza. Na ndiye waliyempa uenyekiti, maana alikisoma peke yake, kuanzia ukurasa wa kwanza, kama mtu asiye na wafanyakazi. Akanishukuru kwa halwa.

Nikarudi Bondeni. Uani kwangu wamejaa wanawake wa mtaa, Zuhura katikati, awasomea na kuwafasiria. Mkononi ana majani manane ya kitabu, kurasa kumi na sita, yanukia udi.

"Mamake Zuhura! Hizo ni nini?"

"Mlango wa Henri," akasema mke wangu Bi Salma, wala hakuinuka. "Nilizitoa kabla hujakwenda kwa fundi. Zishazunguka nyumba saba. Leo zimerudi, twazisikiza tena."

"Mumeniadhiri!"

"Sisi? Nani aliyemwambia mtoto afupishe?"

Nikageuza maneno. "Kwani Henri hakufa?"

"Hakufa. Kaa nyuma ya pazia, baba, utasikia," akasema Zuhura.

Nikakaa. Henri abisha. Klara auliza ni nani. Na yule mwenye mashamba na maringo hawezi kulitaja jina lake, asimama tu mvuani... Macho yakaniwasha. Vumbi la Bondeni, mwalijua.

Basi msinicheke. Barua hii nilitaka kuipiga muhuri, mpate kuamini ni mimi niliyekiri. Lakini muhuri siuoni mezani, na huko uani nawasikia wanawake wagonga kitu, ukurasa kwa ukurasa.