Wageni Wote Wabaki Nje ya Lango

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa barua,

Jambo hili sijamwambia hata mama yangu: askari anayelinda lango dogo la hifadhi ya taifa tangu mwezi huu uanze ni mimi. Nimemaliza shule juzi tu, bunduki sijawahi kuigusa, na mtu akinitazama usoni, mimi natazama viatu vyangu.

Ilikuwa hivi. Askari wote waliitwa mjini kwenye semina ya namna ya kuzuia wageni wasiharibu hifadhi. Langoni akabaki shangazi yangu, mkata tiketi. Mara binti yake akajifungua kwa upasuaji, na hakuna mwingine wa kumuuguza. Shangazi akanivalisha koti lake la kaki, akanikabidhi funguo na filimbi, akasema, "Wewe simama tu, mwanangu. Koti litaongea." Wakubwa wakijua kwamba aliacha lango, kazi hana.

Ndugu Mhariri, koti halijaongea mpaka leo. Kwa hiyo naandika.

1. Wageni wanachonga miti kwa visu. Kijana mmoja alichonga jina lake na la mchumba wake kwenye mkuyu mkubwa. Baada ya chakula cha mchana akarudi peke yake, akalikwangua la mchumba. Huzuni yake naielewa, lakini mkuyu ulihusikaje?

2. Wanashuka garini. Baba mmoja mwenye kofia pana alimwambia nyati, "Geuka kidogo, mzee, jua linakupiga usoni." Nyati akageuka kweli. Hapo nikapuliza filimbi, ila taratibu, nisije nikamshtua mtu. Hakuna aliyesikia, si baba wala nyati.

3. Wanawalisha nyani biskuti. Sasa dume moja linakaa langoni na kukagua mikoba kabla yangu. Jana mgeni aliliambia, "Samahani, mkuu," akafungua mkoba wake wote. Mimi alinipita kama nguzo.

4. Hawasomi. Kwa kuwa siwezi kumkemea mtu, niliandika bango: "Tafadhali usiumize mti." Wakapita. Nikaandika refu zaidi, lenye sababu. Wakaliegemea. Nikaandika jingine la kukataza kuegemea mabango, wakapiga nalo picha. Kadiri walivyozidi kupuuza ndivyo nilivyozidi kuandika, na sasa njia nzima ya mtoni kila mti una bango lake, tena nimeyakaza vizuri, upepo hauyang'oi.

Kwa sababu hizo, naomba gazeti lako litangaze kwamba wageni wote wabaki nje ya lango na waonyeshwe picha za wanyama. Lakini nawajua, wataegemea lango. Basi heri wabaki nyumbani kwao. Wageni wakikosekana, askari nao hawatakuwa na wa kumzuia, kwa hiyo waendelee tu na semina, chai ya huko nasikia ni nzuri. Tatizo ni nyani. Wameshazoea biskuti na watazifuata mjini. Hivyo mji wote uzungushiwe uzio na uwekewe lango lenye mlinzi. Naomba asiwe mimi.

Nisalimie wapanga kurasa, mtunga chemshabongo (ya wiki jana ilinishinda), dereva wa magazeti, na watoto wako kama unao.

Wako mwenye aibu lakini mkweli,
Binti wa Lango Dogo

N.B. Nilikuwa nakunja barua hii alipofika dada mmoja seremala, mtoto mgongoni. Alikwenda mti hadi mti akiyasoma mabango yangu yote, na ni yeye wa kwanza kuyasoma. Nilifurahi mpaka nikasahau kutazama viatu. Kisha akagusa kichwa cha msumari, akauliza, "Mdogo wangu, huyu mshenzi aliyeipigilia miti yote hii misumari, mmeshamkamata?"

Nikajibu kwa sauti iliyomfanya hata nyani ageuke: "Bado tunamtafuta, dada!"

Akanitazama. Akaitazama nyundo iliyokuwa inachungulia mfukoni mwa koti la shangazi. Akacheka mpaka mtoto akaamka. Akasema Jumamosi atarudi na mafundi wenzake na koleo, waing'oe misumari bila kuchuna magome. Nao ni wageni, Ndugu Mhariri, na lazima waingie. Kwa hiyo usitangaze chochote, wala mji usizungushiwe uzio.

Ningeichana barua hii, ila bahasha nimeshaibandika stempu. Shangazi anarudi Jumatatu na nataka aikute miti bila msumari na kazi yake ikimsubiri. Najua kazi yako wewe ni kutangaza. Hii moja tu, tafadhali, usimwambie mtu.